Maharage ya Usiku wa Kwanza: Kisa cha Safari ya Miguu kutoka Nainokanoka hadi Engare Sero

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Septemba, niliongoza watu watano kutembea kwa miguu kutoka Nainokanoka, katika nyanda za juu za Ngorongoro, hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron. Tulipanga siku sita, tukatumia saba. Watatu waliugua njiani, na Ol Doinyo Lengai, mlima tuliotaka kuumalizia safari, tuliutazama kutoka chini tukarudi nyumbani. Watu wakiniuliza kilichotokea, wengi hutarajia habari za fisi au nyati. Mimi huanza na sufuria ya maharage.

Majina nimeyaacha. Washiriki nitawaita kwa kazi zao: Mwalimu, Nesi, Fundi (wa umeme), Mhasibu na Kijana, mwanafunzi wa chuo ambaye ndiye alikuwa mdogo kwetu sote. Tulikuwa pia na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwani huko huruhusiwi kutembea bila yeye, na Mzee mwenye punda wanne pamoja na mpwa wake. Karibu kila takwimu iliyo humu inatoka kwenye daftari la Mhasibu, ambaye tangu siku ya kwanza aliandika nani amekunywa lita ngapi na nani amelala saa ngapi. Wakati ule tulimtania. Bila daftari lile kisa hiki kisingeandikika.

Usuli

Njia hii wanaijua wapandaji wengi wa Arusha. Unaanzia Nainokanoka, chini ya kreta ya Olmoti, unavuka uwanda mpana wa majani wa Embulbul, unalala Bulati, kisha unapanda hadi ukingo wa kreta ya Empakai ulio karibu na mita 3,000. Toka hapo njia inashuka kupita kijiji cha Naiyobi hadi kambi iliyo kwenye migunga ya manjano, halafu inateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Natron, penye mwinuko wa kama mita 600 tu. Kwa hiyo ndani ya siku chache mtu anatoka kwenye baridi ya kuvalia kofia ya sufu usiku, anaingia kwenye joto linaloweza kufika nyuzi 40.

Kila mtu alibeba begi lake la mgongoni: nguo, mfuko wa kulalia, hema la wawili wawili, maji ya mchana. Tulipima mabegi kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kuondoka, na lililokuwa zito kuliko yote lilikuwa la Kijana, kilo 17. Punda walibeba chakula, madumu ya maji, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6. Kukata kuni tulikubaliana mapema kwamba hatutakata. Msitu ule una wenyewe, na sisi tulikuwa wapitaji.

Chakula alinunua Mwalimu. Kwa kweli alifanya kazi nzuri, na sitaki msomaji amwone yeye kuwa chanzo. Alinunua unga wa sembe, mchele, dagaa, karanga, tende, majani ya chai, sukari, na kilo 5 za maharage mekundu. Hata alifanya jaribio: aliyapika nyumbani kwake Arusha, jiko la mkaa, bila kuloweka, yakaiva vizuri baada ya saa mbili na kitu. Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Hilo hakuna aliyelifikiria, nami nikiwemo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshalala huko juu mara nyingi.

Siku moja kambini

Kabla ya kufika kwenye tatizo, msomaji ambaye hajawahi kutembea siku nyingi porini inafaa ajue siku yenyewe inakwendaje, maana tatizo letu lilizaliwa humo humo.

Tuliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mahema yanakuwa yamelowa umande, na vidole havitaki kufungua zipu. Mwenye zamu ya jiko anatangulia kuamka, anachemsha uji wa watu saba (Mzee na mpwa wake walikuwa na chakula chao), wengine wanakung'uta mahema na kufungasha. Kukunja hema bichi ni kazi ya kuudhi kuliko kupanda kilima. Saa moja na nusu tunaondoka. Saa ya kwanza ikiisha tunasimama, kila mtu anavua viatu, anatazama miguu yake, anabadilisha soksi kama zimelowa. Sheria hiyo niliisimamia bila huruma: penye wekundu tunabandika plasta kabla halijawa lengelenge. Mchana tunakula tende na karanga tukiwa tumekaa juu ya mabegi, upepo ukipuliza, kengele za ng'ombe zikisikika mbali bila ng'ombe kuonekana.

Kambini tunafika kati ya saa nane na saa kumi. Hapo ndipo kazi inaanza, ingawa wageni wa mambo haya hudhani imekwisha. Mahema yasimamishwe. Maji yatekwe na yatibiwe. Choo kichimbwe mbali na maji, kina cha shubiri moja hivi, na jembe dogo liachwe hapo na sabuni. Sufuria za asubuhi zisuguliwe. Miguu ioshwe. Chakula kipikwe kabla giza halijawa nene. Mpango wetu wa maji ulikuwa lita 25 kwa siku za kunywa na chai, na yote yachemshwe jioni, yapoe usiku, yajazwe chupani asubuhi. Gesi tuliipigia hesabu ya kilo moja kwa siku.

Baada ya chakula tulikaa kikao cha dakika kumi. Kila mtu alisema hali ya miguu, tumbo na usingizi. Kikao hiki kilitusaidia sana baadaye, na pia ndicho kilichonipa taarifa niliyoshindwa kuisoma.

Mfuatano wa matukio

*Siku ya 1, Bulati.* Tulifika saa kumi jioni, tumechelewa kwa sababu kupanga mizigo ya punda kulichukua asubuhi nzima. Fundi na Mwalimu walikuwa na zamu. Maharage yaliwekwa jikoni saa kumi na moja, makavu, hayakuwa yamelowekwa. Saa moja usiku yalikuwa magumu kama kokoto. Saa mbili, vivyo hivyo. Upepo ulikuwa unaupeperusha moto, Fundi akazungushia jiko debe la bati, akaongeza moto hadi mwisho. Mzee alikuja kuota moto, akachungulia sufuria.

"Mmeyaloweka?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mtakula kesho."

Tulikula saa nne usiku, ugali na maharage yanayotafunika kwa shida. Njaa haikutupa nafasi ya kusubiri. Saa sita, Kijana na Mhasibu walitapika, Kijana mara tatu. Nesi alitoka na tochi ya kichwani akawauliza kama kichwa kinauma. Wote wawili walisema hapana. Nikasema ni ugonjwa wa mwinuko, tumepanda haraka. Nesi hakubisha, ila aliandikisha kwenye daftari la Mhasibu maneno haya: "kutapika, hakuna kichwa, saa mbili baada ya kula."

*Siku ya 2, ukingo wa Empakai.* Asubuhi wote wawili walikuwa wazima, wakanywa uji. Tulisubiri hadi saa tatu, tukaondoka, tukapanda. Safari hii Mwalimu aliyaloweka maharage ndani ya dumu dogo, punda akayabeba mchana kutwa, na hakika yalivimba. Lakini ukingoni tulikuwa juu zaidi ya Bulati. Yalichukua saa nne. Yaliiva, hakuna aliyeugua, na tukasifiana kwamba tumejifunza. Mtungi hakuna aliyeuangalia.

*Siku ya 3, ndani ya kreta.* Hii ndiyo siku ambayo ningeirudia kesho kama ningepewa nafasi. Unashuka katika msitu wenye miti iliyofunikwa na kuvumwani kama ndevu, unatokea kwenye ufuko wa ziwa la magadi, heroe wamesimama ndani ya ukungu, na upande wa pili ukuta wa kreta umefunga mbingu. Maji ya ziwa hayanyweki, kwa hiyo tulibeba yetu. Jioni tulirudi juu tumechoka na tumefurahi. Moto wa jiko ulikuwa dhaifu. Fundi alitikisa mtungi akasema bado theluthi moja. Maji tulichemsha nusu tu ya kawaida, kwa kuwa kila mtu alitaka kulala. Sabuni ya chooni ilikuwa imeisha tangu mchana, na aliyeimaliza hakusema.

*Siku ya 4, kushuka kwenda migungani.* Alfajiri moto ulikuwa kidole kimoja cha buluu. Ndipo nilipouning'iniza mtungi kwenye ile mizani tuliyopimia mabegi, nikatoa uzito wa chuma ulioandikwa shingoni. Ilibaki gramu 800. Kwa hesabu yetu zilipaswa kubaki kilo 3.

Niliamua maji yasichemshwe tena. Tulikuwa na vidonge vya klorini, kidonge kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, viwili maji yakiwa na tope, subiri nusu saa. Gesi iliyobaki ikawekwa kwa ajili ya uji na chakula kimoja kwa siku. Tatizo ni kwamba uamuzi niliutoa asubuhi, watu wamevaa mabegi, maji yako kwenye dumu yakiwa baridi ya kuuma meno na yana rangi ya chai nyepesi. Vidonge viliwekwa, nadhani viwili, na chupa zikajazwa humo humo. Kijana na Mwalimu walikunywa papo hapo. Mpwa wa Mzee alitazama tu, akanywa maziwa yake.

Tulipita Naiyobi mchana na kufika migungani saa tisa alasiri. Ol Doinyo Lengai ulikuwa mbele yetu, mweupe begani kana kwamba umemwagiwa chokaa. Ulipolipuka mwaka 2007 na 2008 majivu yake yaliziangukia nyika hizi, na Mzee alitueleza jinsi mifugo ilivyokosa malisho. Tulimsikiliza hadi giza.

*Usiku wa kuamkia siku ya 5.* Saa nane Kijana aliamka na kuhara. Saa kumi ikawa Mwalimu, kuhara na kutapika. Kulipokucha Kijana alikuwa ameshatoka mara saba, Mwalimu mara tano, midomo imekauka.

Uamuzi wa migungani

Tulikaa chini ya mti: mimi, Nesi, askari na Mzee. Mtandao wa simu haukuwepo. Askari alikuwa na redio ya mawasiliano. Gari letu lilikuwa linatusubiri Engare Sero, saa sita za mwendo, mteremko mkali usio na kivuli.

Njia ya kwanza ilikuwa kurudi Naiyobi, maana yake kumpandisha mgonjwa kilima. Ya pili, kushuka mara moja, kwa kuwa kila saa iliyopita jua lilikuwa linapanda. Kijana mwenyewe alitaka hiyo, alisema ana nguvu. Ya tatu, kushuka jioni na kumalizia usiku. Ya nne, kulala tena pale pale.

Nesi alisema jambo lililoamua mjadala: "Ukimshusha sasa, maji anayopoteza kwa tumbo na anayopoteza kwa jasho yatajumlishana, na hatuna namna ya kumrudishia yote njiani." Askari naye alikataa habari ya usiku. "Mteremko ule na mgonjwa gizani, mimi sikubali. Tukitoka hapa tutoke saa kumi alfajiri, saa nne tuwe chini." Alipiga redio kutoa taarifa na gari likaambiwa lisubiri.

Tulibaki. Mabaki ya gesi tuliyatumia kwa maji ya wagonjwa peke yao. Pakiti za maji ya chumvichumvi zilikuwa sita, na zilipoisha Nesi alichanganya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Aliyefuata haja alipaswa kunywa kikombe baadaye, na aliyetapika alisubiri dakika kumi kisha akaanza upya kwa vijiko. Mhasibu alishika daftari na saa.

Saa tano gesi ilikata kabisa. Mzee aliondoka bila kusema, akarudi na habari kwamba mama mmoja wa boma la jirani amekubali tuchemshe maji motoni kwake. Nilikwenda na mpwa wake kama mkalimani. Mama yule alituwekea mafiga, akataka kujua wagonjwa ni wangapi na kama kuna mtoto. Tulichemsha madumu mawili, sufuria kwa sufuria, hadi alasiri. Tulimwachia sukari, unga na pesa za kuni zake. Sukari aliipokea kwanza, akacheka.

Matokeo

Siku ya 6 ikawa ya kupumzika kweli, kwa sababu usiku ule Mwalimu alikuwa bado anahara na Nesi hakuridhika na mkojo wake. Siku ya 7, saa kumi alfajiri, tuliondoka kwa tochi. Mabegi ya wagonjwa yalipakiwa kwa punda, ambao sasa walikuwa na nafasi maana chakula kilikuwa kimepungua. Tulifika Engare Sero saa tano kasorobo, joto likiwa limeshaanza kuchoma kupitia soli. Mwalimu alipelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, akapewa dawa, na baada ya siku mbili akawa anakula kawaida. Kijana alipona kwa maji ya chumvichumvi pekee.

Hakuna aliyepata lengelenge. Hakuna aliyepotea, aliyevunjika wala aliyegombana na mwenzake kiasi cha kukumbukwa. Gharama ilikuwa siku moja ya ziada ya malipo ya askari, Mzee na gari, pamoja na mlima tulioukosa.

Uchambuzi

Nilitumia wiki kadhaa na daftari lile, na kadiri nilivyolisoma ndivyo nilivyoona kwamba uamuzi wa siku ya 5, ambao watu wanausifu, ulikuwa rahisi. Tulikuwa tumeshabanwa, chaguo zilikuwa chache na zilionekana. Maamuzi yaliyotufikisha hapo yalifanyika tukiwa tumekaa raha.

Nianze na sufuria. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango kinashuka kwa nyuzi moja hivi. Arusha ni kama 95. Ukingoni Empakai ni kama 90. Maji yanatokota, mvuke unapanda, jicho linaona sufuria inachemka kwa nguvu, lakini ndani ya punje joto halitoshi. Kuongeza moto hakusaidii kitu, maana maji yaliyochemka hayazidi joto lake. Kinachoongezeka ni gesi inayoteketea. Fundi alipofungua jiko hadi mwisho usiku wa kwanza, alikuwa anapika upepo. Nimekadiria usiku ule pekee ulikula kilo moja na nusu.

Halafu kuna kutapika kwa Kijana na Mhasibu. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili ambayo huharibiwa na mchemko mkali. Kwenye joto pungufu inachukua muda mrefu zaidi, na mtu aliyeyala hayajaiva hutapika ndani ya saa moja hadi tatu, kisha hupona ndani ya saa chache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, dakika kwa dakika, na Nesi alikuwa ameiandika. Ugonjwa wa mwinuko dalili yake ya mbele kabisa ni kichwa kuuma. Wao hawakuumwa kichwa.

Hapa ndipo kosa langu kubwa, na nimelirudia kichwani mara nyingi. Kama kweli niliamini ni mwinuko, sikupaswa kuwapandisha juu zaidi kesho yake. Kama sikuamini, nilipaswa kutafuta sababu nyingine. Nilisema "mwinuko" kwa sababu ni neno la viongozi, linafunga mjadala, na mtu akitapika mlimani ndilo linalokuja kwanza mdomoni. Nesi aliniambia baadaye kwamba alinyamaza kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji wa njia. Ningemuuliza tu, "Dada, wewe unaonaje?", tungeyaacha maharage yaliyobaki palepale Bulati, na gesi ingetosha hadi Natron.

Kuhusu mtungi wenyewe, mizani tulikuwa nayo. Tulipima mabegi hadi nusu kilo, tukabishana juu ya pea moja ya soksi, lakini mtungi, ambao ndio ulikuwa maji yetu salama, tuliupima kwa kuutikisa. Baridi nayo iliongeza utata. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ikikaribia nyuzi 0 haigeuki tena kuwa mvuke, hivyo asubuhi ya baridi moto hufifia hata kama gesi ipo. Siku ya 3 jioni tulidhani udhaifu ule ni wa baridi tu. Kwa hiyo tulikuwa na maelezo mawili ya jambo moja, tukachagua lililotufurahisha.

Vidonge vya klorini vinafanya kazi. Sina ugomvi navyo. Lakini maji baridi yanahitaji muda mrefu zaidi, angalau mara mbili, na maji yenye uchafu yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Sisi tulivitumia kama kwamba kutia kidonge ndiyo dawa, ilhali dawa ni kidonge na saa. Badiliko kama lile lilipaswa kufanywa jioni, maji yakae na kidonge usiku kucha. Nilichagua wakati mbaya kuliko wote, dakika za kuondoka, wakati ambapo hakuna anayesikiliza.

Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ni maji. Sabuni ilikuwa imeisha karibu siku nzima kabla, na Kijana ndiye aliyegawa tende na karanga kwa mkono mchana wa siku ya 3 na ya 4. Wa kwanza kupokea kutoka mkononi mwake alikuwa Mwalimu, aliyekaa karibu naye kila tulipopumzika. Wote wawili walikunywa maji yale, na wote wawili walikula kutoka mfuko mmoja. Vijidudu vingine vya maji vya porini huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kuumiza tumbo, kwa hiyo hivyo naviondoa. Kati ya maji ya siku ya 4 na mikono ya siku ya 3, daftari halichagui. Kwangu mimi inatosha kujua kwamba milango yote miwili ilikuwa wazi.

Lililofanya kazi halina hadithi ndefu. Ukaguzi wa miguu ulituokoa: mtu mwenye kuhara akiwa na malengelenge pia, mteremko wa Natron asingeuweza. Pakiti za chumvichumvi zilikuwepo kwa sababu Nesi alizinunua kwa pesa yake. Na uhusiano na Mzee. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamuuliza habari za mifugo yake kabla ya kumuuliza bei. Boma lile halikufunguka kwa sababu ya pesa yetu.

Tulichobadilisha

Nimeirudia njia hiyo mara mbili tangu hapo. Maharage makavu hayapandi tena bila sufuria ya presha. Presha hubana mvuke na kurudisha joto linaloibwa na mwinuko, na maharage yaliyolowekwa yaliiva Empakai chini ya saa moja. Asiye na presha achukue choroko zilizokobolewa, dagaa na karanga za kusaga.

Mtungi unaning'inizwa kwenye mizani kila jioni kabla ya kupika, na namba inasomwa kwa sauti kwenye kikao. Vipande vya sabuni vinagawanywa kwa idadi ya siku, na anayekuta kipande cha mwisho anakileta kikaoni kabla hajakitumia. Tende na karanga zinagawanywa kwenye vifuko asubuhi ya kwanza nyumbani, kila mtu chake, kwa hiyo hakuna mkono wa mtu unaoingia kwenye chakula cha mwenzake.

Na mtu akiugua, kabla sijafungua mdomo, kila aliyepo anasema kwanza anachoona yeye, kuanzia mdogo. Safari ya mwisho aliyeanza alikuwa Kijana, ambaye sasa anaendesha zamu ya jiko mwenyewe. Lengai aliupanda usiku ule, akarudi saa tatu asubuhi na majivu hadi kwenye nyusi, akauliza kama uji umebaki.